Mafundo Arobaini na Mawili

Fort Worth, 5 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikupigia kukutakia heri ya mwaka mpya, ukanijibu kwamba mchele umeisha. Nikapaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta, nawe ukasema sawa, utanunua kesho. Masikio yako hayataki tena habari zangu, basi macho yazipokee.

Jumatano tulikuwa kanisani. Padre mgeni, Mmarekani, akasema wote waliozaliwa tarehe moja Januari wasimame awabariki. Warundi tukasimama karibu wote, babu na wajukuu, mke na mume. Padre akadhani hatukuelewa Kiingereza, akarudia polepole. Wachache waliokuwa wamekaa nao wakasimama. Tulicheka sana, lakini njiani kurudi nyumbani nikajikuta nina huzuni. Yule karani wa kambi ya wakimbizi aliyetuandikia wote siku moja ya kuzaliwa alikuwa na foleni ndefu, simlaumu. Ila mimi ni mtu mmoja, Shangazi, na lazima nilizaliwa siku yangu.

Sasa sikiliza. Pale makumbusho ninapolinda kumbi wameleta maonyesho mapya kutoka milima ya Peru. Ni kamba. Watu wa kale wa huko hawakuandika kwa wino. Walining'iniza nyuzi kwenye kamba moja kubwa, wakafunga mafundo, na kwa mafundo hayo wakahesabu watu, mavuno na mifugo. Waliziita kipu. Palikuwa na watu maalumu wa kuzisoma, kwa vidole na kwa macho. Hata uzi usio na fundo una maana yake, unasema: hapa hakuna.

Nilipewa zamu ya kuzilinda siku nzima. Nilisimama pale nikaikumbuka rozari yako. Ule uzi wa gunia, ule unaokaa nao mkononi tangu nikiwa mgongoni mwako. Shangazi, ile ni rozari kweli?

Mwanao,
Liliane


Gulfton, Houston, 19 Januari 2025

Mwanangu Liliane,

Milele amina. Mchele ulikuwa umeisha kweli, kwa hiyo usinicheke.

Nimefurahi kupata barua. Posta walikuwa wamezoea kuniletea matangazo ya pizza tu. Unajua Kirundi nakisema, lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili na katekista kule Kigoma, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Hapa kwetu ni salama. Mama Marie-Rose wa ghorofa ya juu bado anakuja kila siku kuniambia habari za watu nisiowajua. Goti linaniuma baridi ikija, likipoa nalisahau.

Hiyo yangu ni rozari. Tulikuwa hatuna shanga, tukafunga mafundo. Watu wa milima hiyo wana mambo yao, nasi tuna yetu. Nilikulea ukae shuleni mpaka mwisho, leo unalipwa kusimama kulinda kamba za marehemu. Sawa, kazi ni kazi.

Siku ya kuzaliwa hailiwi. Wewe una afya, una kazi, una paa. Vaa soksi.

Shangazi yako,
Anastasie


Fort Worth, 2 Februari 2025

Shangazi,

Soksi nimevaa. Sasa tuendelee.

Rozari huzunguka ikarudi ilipoanzia. Ile yako ina ncha mbili. Haina msalaba. Mafundo yake hayako kumi kumi, mengine yamekaribiana, mengine yameachana. Katikati kuna vipande vya uzi mwekundu, na mahali pachache kuna mweupe. Mkatoliki gani anasali hivyo? Nakumbuka pia lile fundo kubwa la mwisho. Nilikuwa na miaka mitano, nikalishika kwa meno, ukanichapa kofi. Hujawahi kunichapa tena maishani. Sijalisahau kofi lile kwa sababu baadaye ulilia wewe, si mimi.

Wewe ulikuwa mkunga, Shangazi. Wakubwa wanaotoka kule bado wananiambia: shangazi yako alinizalishia mwanangu. Wewe mwenyewe hujawahi kunisimulia hata mtoto mmoja. Mficha uchi hazai, na neno hilo nimelisikia kwako.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kama siku yangu imo kwenye uzi huo, nisomee.

Liliane


Gulfton, 16 Februari 2025

Mwanangu,

Umenishika. Hata padre hajaniuliza maswali mengi hivyo.

Ni hivi. Kambini wakunga wa zamani tuliambiwa tusizalishe nyumbani, kila mama apelekwe kliniki. Ilikuwa amri nzuri, sisemi mbaya. Lakini kliniki ilikuwa upande wa pili wa bonde, na watoto hawasubiri. Nikaendelea kimyakimya. Kuandika kwenye karatasi ningejishtaki mwenyewe, kwa hiyo nikafunga mafundo, na aliyeuliza nikamwambia ni rozari. Uzi mwekundu ni mwezi mpya. Mweupe ni Noeli au Pasaka. Kati ya nyuzi hizo, upana wa kidole ni wiki moja. Na kila fundo lina mizunguko kwa kadiri ya siku, kama tunavyohesabu kwa Kiswahili: Jumamosi mzunguko mmoja, Jumapili miwili, Jumatatu mitatu, hivyo hivyo mpaka Ijumaa saba. Watoto arobaini na mmoja. Majina ninayo kichwani, siku ziko kwenye uzi.

Siku yako imo. Kwa kichwa siikumbuki, na sitaki kukubahatishia. Njoo Pasaka nikusomee kwa vidole vyangu, uone.

Lile la mwisho si kitu. Ni la kuzuia uzi usifumuke.

Mwezi wa tatu nitakuwa na shughuli kidogo. Usipoona barua usihangaike.

Anastasie


Gulfton, Houston, 16 Machi 2025

Mpendwa binti Liliane,

Salamu katika Kristo. Mimi ni Mama Marie-Rose, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ninayeishi juu ya shangazi yako. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha zako mezani kwake. Alitukataza kukwambia, lakini sasa hatari imepita na shangwe haifichiki.

Shangazi yako alipasuliwa tarehe tano mwezi huu, mawe ya nyongo. Upasuaji ulikwenda vizuri, kisha ikapanda homa kali, akakaa hospitalini siku tisa hajitambui vizuri. Mimi nilipewa mkoba wake niutunze. Ndani yake nikakuta uzi wenye mafundo mengi. Nikaelewa mara moja. Alikuwa amejitayarishia Novena ya Bikira Maria Mfungua Mafundo, maskini, na ugonjwa ukamwahi kabla hajaanza. Basi tukaianza sisi. Wanawake tisa, siku tisa, kila siku tunasali na kufungua fundo moja.

Tulianza na lile kubwa la mwisho. Lilikuwa gumu kuliko yote, tulishindwa kwa vidole, nikalifungua kwa meno. Mengine yalikubali haraka. Siku ya tisa, tulipofungua la tisa, daktari akasema homa imeshuka. Mungu ashukuriwe, na Mama yake.

Shangazi yako amerudi nyumbani jana. Anakula supu yangu. Uzi nimemrudishia, umenyooka vizuri upande mmoja. Yamebaki mafundo thelathini na matatu, ameyaweka akiba kwa shida nyingine.

Wako katika sala,
Marie-Rose


Fort Worth, 20 Machi 2025

Shangazi,

Nimesoma barua ya Mama Marie-Rose nikiwa nimesimama kituo cha basi, nikaketi chini. Kwanza: ulipasuliwa, na mimi niko saa nne tu kwa gari, nawe ukaniambia una shughuli kidogo. Hilo tutaliongea uso kwa uso, na nitapaza sauti mpaka usikie. Asante Mungu umepona.

Pili, uzi. Nimelia, sitakuficha. Siku yangu ilikuwa mwishoni kule, si ndiyo? Mimi ndiye mtoto wa mwisho uliyemzalisha. Kila mtu aliniambia hivyo. Usimkasirikie Mama Marie-Rose. Alikuombea kwa meno yake.

Lakini nisikilize vizuri. Usiufue huo uzi. Usiunyooshe, usiupige pasi, usiuzungushe kidoleni. Pale kazini kuna dada anaitwa Precious, kazi yake ni kutunza vitu vya kale. Aliwahi kunionyesha kwenye kipu mahali ambapo fundo lilifunguliwa miaka mia tano iliyopita. Uzi umebaki umejikunja palepale. Nimemwuliza kama uzi wa gunia nao hukumbuka. Amesema uzi uliokaa na fundo miaka ishirini na saba hausahau kwa wiki mbili.

Nitumie. Uviringishe kwenye kitambaa, usiubane. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini uzi si maji.

Liliane


Gulfton, 25 Machi 2025

Mwanangu,

Nimepona. Kovu ni dogo, kama la kukatwa na wembe. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja kunishika mkono, na mkono wangu haukuwa mgonjwa.

Uzi niliuona siku niliyorudi. Nilikaa kitandani nao mpaka supu ikapoa. Mama Marie-Rose alikuwa mbele yangu ananitazama kama mtu anayetazama muujiza wake mwenyewe. Nitamwambiaje? Nilimwambia asante. Akaniongezea supu.

Nilitaka kuufua, umeshikwa na mikono mingi. Bahati nikaacha. Huu hapa ndani ya leso yangu ya harusi ya baba yako, usiipoteze nayo.

Nakuomba neno moja. Utakachokiona humo, niulize mimi kwanza. Usiulize mtu mwingine yeyote.

Shangazi yako,
Anastasie


Fort Worth, 1 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Umefika salama, leso na uzi.

Precious alibaki nami baada ya zamu. Alilaza uzi juu ya karatasi nyeupe, akaweka taa pembeni, chini kabisa, ili kila mkunjo utoe kivuli. Yote yapo. Mikunjo tisa, nami nikaihesabu kwa kidole bila kuigusa. Alikuwa anauliza kila kitu, nami nikamfundisha kama ulivyonifundisha. Ule wa pili kutoka mwisho una mizunguko minne. Precious akasema basi ni Jumatano, maana kwao wiki inaanza Jumapili. Nikamwambia hapana dada, hiyo ni Jumanne, hapa tunasoma Kiswahili. Mimi, askari wa kulinda kamba, nikamsahihisha mtaalamu.

Umekaa mara tu baada ya uzi mweupe, haijafika hata kidole kimoja, na kutoka mweupe wa nyuma hadi huo kuna nyekundu nne tu, kwa hiyo ni Pasaka, si Noeli. Jumanne baada ya Pasaka. Precious akafungua kalenda ya mwaka 1998, maana mwaka karani hakuukosea. Shangazi, nilizaliwa tarehe 14 Aprili. Nimeiandika mkononi kwa kalamu, kisha nikaiandika ukutani jikoni, meneja wa nyumba atanisamehe.

Sasa nakuuliza wewe kwanza, kama ulivyotaka. Lile fundo la mwisho halikuwa la kuzuia uzi. Mkunjo wake una mizunguko minne ileile, na umegusana na wangu, hakuna nafasi hata ya unywele. Siku moja, saa moja. Ulikaza pale mpaka nyuzi mbili ndogo za ndani zimekatika. Watoto ni arobaini na mmoja, mafundo yalikuwa arobaini na mawili.

Je, nilikuwa na pacha?

Niambie tu. Sitakuchukia kwa lolote.

Liliane


Gulfton, 5 Aprili 2025

Liliane wangu,

Hukuwa na pacha. Ni mama yako.

Nilikwambia Sandrine alifia kliniki. Baba yako Pontien nilimwambia hivyohivyo, naye akafa anaamini. Haikuwa hivyo. Ilikuwa mchana, mvua inapiga plastiki ya hema mpaka tunaongea kwa kupigiana kelele. Baba yako alikuwa ameenda kwenye mgao wa unga. Wanawake wawili waliokuwa nami walisema, Anastasie, tumbebe tumpeleke, huyu hayuko sawa. Mama yako alinitazama, akasema, nafanya utakavyosema wewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na aliniamini.

Nikasema hapana. Nikasema, mimi huyu, wamepita mikononi mwangu arobaini na sijapoteza mama hata mmoja. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka yalivyo. Kilikuwa kiburi, mwanangu, usikipe jina lingine. Wewe ulitoka vizuri, ukalia. Alikuona. Alikushika, akasema una masikio ya baba yako. Kisha damu ikakataa kukoma. Tulipombeba ilikuwa tumechelewa, hatukufika hata mtoni kule bondeni.

Sijazalisha tena tangu siku ile. Nilifunga fundo lako, nikafunga lake, nikalikaza. Sikukudanganya kabisa niliposema ni rozari. Kila siku nimepita fundo kwa fundo nikiwaombea watoto kwa majina yao. Nikifika lako nilikuombea wewe. Nikifika la mwisho sikumwombea mtu, niliomba msamaha, na sikusikia jibu. Masikio yangu yalikuwa mazima wakati ule.

Nikuambie na aibu hii pia. Nilipoona Marie-Rose amelifungua, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Cha pili ni woga, kwamba sasa Sandrine hana mahali.

Mikunjo mingine saba nimekuandikia majina yake nyuma ya barua hii, kwa mpangilio. Ifunge upya wewe. La kwako lifunge. Kuhusu la mwisho, sitakwambia la kufanya. Nitauona uzi utakaponirudishia, nami nitajua.

Nakupenda. Sikuwahi kukuandikia neno hilo, katekista hakutufundisha.

Anastasie


Fort Worth, 14 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Leo nimetimiza miaka ishirini na saba. Ni mara ya kwanza kuandika sentensi hiyo na ikawa kweli.

Umesubiri siku tisa, najua umehesabu. Siku za kwanza nilikasirika. Sikukasirika kwa sababu alifia mikononi mwako. Nilikasirika kwa sababu uliponificha kifo chake ulinificha na yeye. Sijawahi kukuuliza mama yangu alichekaje, kwa kuwa kila nilipomtaja ulitoka nje kuanika nguo hata kama hakuna nguo. Miaka yote hii najua jina lake tu, na sasa nimejua alisema nina masikio ya baba. Nimekwenda kwenye kioo mara nyingi wiki hii.

Kisha nikarudi kazini, nikasimama mbele ya zile kamba za Peru. Nilikwambia kwamba uzi usio na fundo unasema hapa hakuna. Nikaona siwezi kuuacha uzi wetu useme hivyo juu ya mama.

Kwa hiyo jana baada ya misa nimeketi mezani na majina yako. Nimefunga saba kwa mpangilio, kila moja kwenye mkunjo wake, uzi wenyewe ulinielekeza. Nimefunga langu, mizunguko minne. Nimefunga na la mama, mizunguko minne, limegusana na langu, kwa sababu siku ile tulikuwa pamoja hata kama haikuwa muda mrefu. Lakini sikulikaza. Nimelifunga sawa na mengine yote, ukubwa uleule. Lile la zamani lilikuwa fundo la hukumu. Hili ni la mtu, aliitwa Sandrine.

Ukifika hapo kwenye sala, mwombee kwa jina kama unavyowaombea wengine. Na kama ulikuwa unasubiri jibu kutoka kwake, mimi ndiye pekee niliyetoka ndani yake, nami najibu: umesamehewa. Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Yeye alifanya moja, wewe ukafanya nyingine, nami nina mama wawili kwenye uzi mmoja.

Mama Marie-Rose usimwambie kitu. Ila mwambie asiguse mkoba wako tena bila ruhusa.

Ijumaa Kuu nitapanda basi asubuhi nikuletee uzi kwa mkono wangu, posta siiamini. Andaa majibu. Mama alipenda kula nini, aliimba nini, aligombana na nani. Nataka kofi lile nalo unilipe kwa hadithi, moja baada ya nyingine, mpaka Pasaka iishe.

Barua hii itakufikia kesho kutwa, lakini leo jioni saa kumi na mbili nitakupigia simu. Najua hutasikia. Wewe pokea tu, uniambie mchele umeisha, nami nitakuimbia wimbo wa kuzaliwa mpaka mwisho.

Mwanao,
Liliane, wa Jumanne baada ya Pasaka